Ukuta Uliofura: Historia ya Kutabiri Kupasuka kwa Mishipa ya Ubongo

Mfanyabiashara wa Kariakoo anafungua duka asubuhi akiwa mzima. Saa nne anashika kichwa na kusema kinampasuka, saa tano yumo kwenye bajaji kuelekea hospitali, na jioni wazee wa kanisa wanatafutwa ili ipangwe ratiba ya mazishi. Misiba ya namna hii si migeni kwetu sisi tunaosali katika makanisa ya Posta na kufanya kazi katika mitaa inayoyazunguka. Kila mara huja na maelezo yale yale. Wapo wanaonong'ona kwamba ni mkono wa mtu. Wapo wanaoanza kuhesabu dhambi za marehemu. Na wapo, ambao ndio wengi, wanaosema kwamba siku yake ilikuwa imefika, basi yatosha.

Katika makala hii tunasimulia historia ya jibu jingine, ambalo wanadamu wamelitafuta kwa zaidi ya miaka 350. Ni historia ya mishipa inayolisha ubongo, ya kuta zake zinazoweza kuchanika na kufura, na ya watu waliojaribu kutabiri ni ukuta upi utaendelea kufura na upi utatulia. Tunaisimulia katika kitabu cha imani kwa sababu neno kutabiri ni neno letu la kanisani pia, na tunaamini kwamba historia hii inaweza kutusaidia kulielewa vizuri zaidi.

Kuta za mji wetu

Mtu wa Dar es Salaam hahitaji kufundishwa maana ya ukuta kuanguka. Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya mji, liliporomoka na kuua watu 36. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine la ghorofa liliporomoka Kariakoo, likafukia wafanyabiashara na wateja wao, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha.

Bwana Yesu aliwahi kuulizwa juu ya misiba ya namna hiyo. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, anautaja mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18, na anakataa kabisa wazo kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko watu wengine wa Yerusalemu. Haishii hapo. Anawageukia walio hai na kuwataka wabadilike. Msiba wa wengine, kwake, si nafasi ya kuwahukumu wafu. Ni wito kwa waliobaki.

Nabii Isaya naye, katika sura ya 30, anatumia mfano wa ukuta mrefu uliofura, ambao ukishafika mwisho wake huvunjika ghafula, mara moja. Tuuangalie mfano huo kwa makini. Kuvunjika ni kwa ghafula, lakini kufura hakukuwa kwa ghafula. Palikuwa na muda ambapo mpita njia angeweza kuinua macho na kuona kwamba ukuta umetokeza. Wazee wetu walisema jambo hilo hilo kwa maneno machache: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Shida ya mshipa wa ubongo ni kwamba ufa wake umefichwa ndani ya shingo na fuvu, na kwa karne nyingi hakuna jicho lililoweza kuufikia.

Waliofungua na kutazama

Ubongo hulishwa na ateri kubwa nne: mbili hupanda mbele ya shingo, kulia na kushoto, ambazo huitwa karotidi, na mbili hupanda nyuma zikipita katika matundu ya mifupa ya shingo. Chini ya ubongo ateri hizo huungana na kufanya duara. Aliyelieleza duara hilo vizuri ni daktari Mwingereza, Thomas Willis, katika kitabu chake juu ya ubongo kilichotoka mwaka 1664. Alidunga maji yenye rangi katika karotidi ya upande mmoja na kuona rangi ikitokeza upande wa pili, akatambua kwamba njia moja ikiziba nyingine huweza kusaidia. Willis alikuwa mtu wa kanisa, na kitabu chake alikiweka wakfu kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Michoro kadhaa ilichorwa na rafiki yake Christopher Wren, ambaye baadaye ndiye aliyejenga upya Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo mjini London. Mkono uliochora mishipa ya ubongo ndio uliochora nguzo na kuba la kanisa hilo.

Ukuta wa ateri una matabaka matatu: la ndani laini, la kati lenye misuli, na la nje linalofunika. Ukuta ukidhoofika mahali pamoja, damu huusukuma nje ukafura, kama mpira wa ndani wa baiskeli unavyotokeza kupitia tairi lililochanika. Mfuro huo huitwa aneurizimu. Iko pia aina nyingine, ambayo ndiyo kiini cha makala hii. Hapa tabaka la ndani huchanika, damu ikapenya katikati ya matabaka na kuyatenganisha, kama maji ya mvua yanavyoingia nyuma ya plasta na kuiinua. Tutaiita aneurizimu ya mchaniko. Damu iliyopenya huweza kusukuma ndani na kuibana njia, hata sehemu ya ubongo ikakosa damu. Huo ni kiharusi. Au huweza kusukuma nje, ukuta ukafura. Na ndani ya fuvu, ambako kuta za ateri ni nyembamba zaidi, mfuro huo huweza kupasuka na kumwaga damu juu ya ubongo.

Mojawapo ya maelezo ya mwanzo yaliyo wazi ya ukuta wa ateri uliochanika yalitoka katika maiti ya mfalme. Mfalme George wa Pili wa Uingereza alikufa ghafla asubuhi ya tarehe 25 Oktoba 1760, na daktari wake, Frank Nicholls, alipoufungua mwili alikuta damu imejaa kuzunguka moyo na ateri kuu ina mchaniko. Hiyo ilikuwa ateri ya kifuani, si ya ubongo, lakini tatizo la ukuta ni lile lile. Mwaka 1819 Mfaransa René Laennec, Mkristo mcha Mungu aliyetupa kile kifaa cha kusikilizia kifua, aliliingiza jina la aneurizimu ya mchaniko katika lugha ya madaktari. Mwaka 1859 William Gull, daktari wa hospitali ya Guy's ya London, alikusanya habari za wagonjwa waliokufa kwa aneurizimu za ubongo. Alikiri kwamba daktari aliyesimama kando ya kitanda angeweza kushuku tu, asiweze kuthibitisha.

Hiyo ndiyo hali iliyodumu kwa vizazi. Ugonjwa ulijulikana, lakini ulijulikana mezani pa wafu. Ufa ulionekana baada ya ukuta kuanguka.

Kuona mshipa wa mtu aliye hai

Mlango ulifunguliwa Lisbon mwaka 1927. Daktari Mreno, Egas Moniz, aliingiza dawa katika ateri ya shingo ya mgonjwa aliye hai, dawa ambayo miale ya eksirei haiwezi kuipenya, kisha akapiga picha. Mishipa ya ubongo ikaonekana kwenye filamu kama matawi ya mti. Njia hiyo iliitwa angiografia. Miaka kumi baadaye, tarehe 23 Machi 1937, daktari wa upasuaji Walter Dandy wa Baltimore, Marekani, alifungua fuvu la mgonjwa, akaikuta aneurizimu, akaibana shingo yake kwa klipu ndogo ya fedha. Mgonjwa akapona. Kwa mara ya kwanza mfuro ulipatikana na kuzibwa kwa mpango, na mwenye mwili akarudi nyumbani.

Hata hivyo aneurizimu ya mchaniko iliendelea kudhaniwa kuwa jambo la nadra, la kugunduliwa baada ya kifo. Katika miaka ya 1970 mambo yalibadilika. Mwaka 1971 mashine ya kwanza ya CT-Scan ilimpiga picha mgonjwa London. Mwaka 1978 Miller Fisher, Mkanada aliyefanya kazi Boston, alionyesha pamoja na wenzake kwamba kuchanika kwa ateri za shingo na za ubongo kunaweza kutambuliwa kwa watu walio hai, tena wengine wakiwa vijana wasio na ugonjwa mwingine. Tangu hapo madaktari walianza kuziona dalili kwa macho mapya: maumivu ya ghafla upande mmoja wa shingo au kichwa, kope moja kulegea na mboni ya jicho hilo kuwa ndogo kuliko ya pili, mlio sikioni unaofuata mapigo ya moyo, kizunguzungu kikali. Dalili hizo huweza kutangulia kiharusi kwa saa au siku kadhaa.

Tusipite upesi hapo. Ina maana kwamba kwa baadhi ya watu kuna muda kati ya ufa na anguko. Mchukuzi wa sokoni anayeamka na maumivu mapya ya shingo yasiyofanana na uchovu wa mizigo, au dada aliyeanza kuona kizunguzungu baada ya shingo kukunjwa nyuma kwa muda mrefu kwenye beseni la saluni, anaweza kuwa ndani ya muda huo.

Kupima na kutabiri

Baada ya kuweza kuona, swali likawa: huu mfuro tunaouona, utakua au utatulia? Swali hili si dogo. Upasuaji wa ubongo una hatari zake, na kumfungua fuvu mtu ambaye mfuro wake usingempasukia kamwe ni kumdhuru. Kumwacha mwingine ambaye wake utapasuka mwezi ujao ni kumpoteza.

Jibu la kwanza zito lilitoka Helsinki. Kati ya mwaka 1956 na 1978 wagonjwa 142 walikutwa na jumla ya aneurizimu 181 ambazo hazijapasuka, na kwa utaratibu wa wakati ule hazikufanyiwa upasuaji. Wengi wao walikuwa tayari wamewahi kupasukiwa na aneurizimu nyingine. Madaktari wakawafuatilia kwa miongo kadhaa, mtu mmoja mmoja. Hesabu yao ilionyesha kwamba, kwa wastani, takribani mtu mmoja na kitu kidogo kati ya kila 100 alipasukiwa kila mwaka. Ilionyesha pia kwamba ukubwa wa mfuro una maana, na kwamba sigara huongeza hatari.

Utafiti mkubwa wa nchi kadhaa uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mfuro usiofika milimita 7, uliopo sehemu ya mbele ya duara la Willis, kwa mtu ambaye hajawahi kuvuja damu, una hatari ndogo sana ya kupasuka. Lakini madaktari wa zamu waliendelea kupokea wagonjwa waliopasukiwa na mifuro midogo kuliko hiyo. Ikawabidi wakubali kwamba mfuro haukui kwa mwendo mmoja kama mti wa mwembe. Huweza kukaa kimya miaka mingi, kisha ukakua kwa muda mfupi, kisha ukanyamaza tena au ukapasuka.

Kwa hiyo wakatafuta alama nyingi badala ya moja. Mwaka 2014 ulitangazwa mfumo wa kupima hatari ya kupasuka uitwao PHASES, uliojengwa juu ya habari za watu 8,382. Unahesabu jamii mtu anakotoka, presha yake, umri, ukubwa wa mfuro, kama amewahi kuvuja, na mahali mfuro ulipo. Mwaka 2017 ukafuata mfumo wa ELAPSS, unaotabiri ukuaji wenyewe katika miaka mitatu na mitano ijayo, kutokana na watu 1,507 wenye aneurizimu 1,909. Huu ukaongeza umbo la mfuro: ulio na vibonye na pembe ni wa kuogopewa zaidi kuliko ulio laini.

Mifumo hii ilitengenezwa kwa ajili ya mifuro ya kawaida. Aneurizimu ya mchaniko ina tabia zake. Ile ya shingoni, nje ya fuvu, mara nyingi hutulia, hupungua, na pengine hupona yenyewe, na ni nadra kupasuka. Hatari yake kubwa ni damu kuganda na kipande kusafiri hadi ubongoni. Ile ya ndani ya fuvu ikishapasuka mara moja, hatari ya kupasuka tena ni kubwa mno katika saa 24 za mwanzo. Mabadiliko mengi hutokea katika wiki na miezi ya mwanzo. Kwa sababu hiyo utabiri wake hautegemei picha moja. Hutegemea picha ya leo, ya baada ya wiki kadhaa, ya baada ya miezi, zikiwekwa ubavuni zilinganishwe. Mtabiri hapa ni mlinzi anayezunguka ukuta usiku kucha na kurudi tena pale pale alipopita.

Namba ambazo sisi hatumo

Turudi kwenye jambo moja ndani ya mifumo hiyo. Vyote viwili huuliza mtu anatoka katika jamii gani, kwa sababu imeonekana kwamba Wafini na Wajapani wana hatari tofauti na watu wa nchi nyingine. Watu waliohesabiwa walitoka Ulaya, Amerika Kaskazini na Asia ya Mashariki. Afrika haimo. Daktari wa Dar es Salaam anayetaka kumtabiria mama wa Kariakoo inambidi aazime namba za Helsinki na Tokyo.

Si kwamba ugonjwa wa mishipa ya ubongo haupo kwetu. Kati ya mwaka 2003 na 2006, timu iliyoongozwa na Richard Walker kutoka Newcastle, Uingereza, pamoja na watafiti wa Kitanzania, ilihesabu kila kiharusi kipya katika maeneo mawili: wilaya ya Hai, Kilimanjaro, yenye watu 159,814, na eneo la Dar es Salaam lenye watu 56,517. Viharusi 636 vilipatikana, 453 Hai na 183 Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na viharusi takribani 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam takribani 316. Kiwango hicho cha mjini kilizidi kile cha nchi nyingi tajiri. Viharusi vingi havitokani na aneurizimu wala mchaniko, na hatupendi mtu adhani hivyo. Lakini vyote ni habari za mishipa ile ile, na vingi vina adui mmoja: shinikizo la juu la damu, ambalo sote tunaliita presha.

Adui huyo naye alipimwa hapa hapa jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu wazima wa Ilala walipimwa presha, na karibu watatu katika kila kumi walikutwa nayo juu. Katika utafiti huo, uliofanywa Ilala na katika kijiji cha Shari huko Hai, waliokutwa na presha wakawa wanajua hali yao hawakufika mmoja kati ya watano. Waliokuwa kwenye matibabu walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa sawasawa hawakufika hata mmoja kati ya 100. Wengine wote walikuwa wanatembea sokoni na ukuta unaosukumwa mchana na usiku.

Kutoka Sewa Haji hadi Muhimbili

Mji wetu uligawanywa tangu mwanzo kwa habari ya nani atazamwe na daktari na nani asitazamwe. Mwaka 1897, enzi za Wajerumani, hospitali ya Ocean Road ilifunguliwa ufukweni kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walipata hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo, Mwislamu, aliyekufa mwaka huo huo. Waingereza nao waliacha uwanda wa Mnazi Mmoja kuwa mpaka kati ya mji wa wakubwa, ambao ndio Posta ya leo, na Kariakoo, mahali palipopewa jina kutokana na kambi ya wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1956 hospitali ya Sewa Haji ilirithiwa na hospitali mpya iliyopewa jina la Binti Mfalme Margaret, ambayo baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili.

Pale Muhimbili upasuaji wa ubongo ulikua pole pole ndani ya kitengo cha mifupa. Profesa Philemon Sarungi alikuwa miongoni mwa waliokijenga kitengo hicho, na Profesa Yadon Kohi miongoni mwa Watanzania wa kwanza kusomea upasuaji wa ubongo. Sheria ya Bunge namba 7 ya mwaka 1996 iliianzisha Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambayo leo ndiyo tegemeo kuu la nchi kwa magonjwa ya ubongo na uti wa mgongo. Katika miaka ya karibuni madaktari wa MOI wameanza kutibu mishipa ya ubongo kwa njia ambayo Mwitalia Guido Guglielmi aliifungua mwanzoni mwa miaka ya 1990: mrija mwembamba huingizwa kwenye ateri ya pajani na kupandishwa hadi kwenye mfuro, kisha mfuro hujazwa uzi laini wa platinamu bila kulifungua fuvu.

Kanisa nalo lina sehemu yake. Katika hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Mbulu, daktari Mmarekani Dilan Ellegala alifika mwaka 2006 na kumfundisha upasuaji wa ubongo Emmanuel Mayegga, tabibu msaidizi ambaye hakuwa na shahada ya udaktari. Mwanafunzi akaja kuwafundisha wengine. Walianza na majeraha ya kichwa na maji kichwani mwa watoto, si aneurizimu. Lakini walionyesha kwamba ubongo wa mkulima wa Mbulu unastahili kutazamwa kwa uangalifu ule ule anaotazamwa nao mtu wa Baltimore.

Utabiri wa Yona

Sasa tulirudie lile neno letu la kanisani. Watu wengi hufikiri nabii wa kweli ni yule ambaye alichosema kimetokea. Basi tumfikirie Yona. Aliingia Ninawi, mji mkubwa wenye masoko na mitaa, akatangaza kwamba baada ya siku 40 utaangamizwa. Siku 40 zikapita, mji ukasimama. Yona alikasirika, kana kwamba ameumbuliwa. Lakini Biblia haisemi kwamba alitabiri uongo. Watu walisikia, wakabadilika kuanzia mfalme hadi mtu wa chini kabisa, na Mungu akawahurumia. Utabiri ule ulitolewa ili usitimie.

Hivyo ndivyo tunavyouelewa utabiri wa madaktari tuliousimulia. Anayesema mfuro huu unaweza kukua hajafunga mlango wa Mungu. Amefanya kazi ya mlinzi ambaye Ezekieli anamtaja katika sura ya 33, aliyewekwa juu ya ukuta apige tarumbeta aonapo upanga unakuja. Na mgonjwa ambaye presha yake ilishushwa, akaacha sigara, akarudi kupigwa picha kwa tarehe aliyopangiwa, na mfuro wake haukupasuka, asiseme daktari alimtisha bure. Ninawi ilisimama kwa sababu iliamini.

Kwa upande mwingine, historia hii inatufundisha unyenyekevu. Baada ya miaka mingi ya kupima, wenye ujuzi wanazungumza kwa habari ya watu wangapi kati ya 100. Hawasemi fulani atakufa Jumanne. Mhubiri anayesimama na kutaja siku ya kifo cha mtu anadai ujuzi ambao Helsinki na Tokyo hawakuupata. Na anayemwambia mgonjwa atupe dawa za presha kwa kuwa ameshaombewa anamvua tarumbeta mlinzi. Maombi na kidonge havigombani. Mungu tunayemwomba ndiye aliyeipanga ile duara ya Willis ili njia moja ikiziba nyingine isaidie.

Yatupasayo

Katika mji huu rambirambi hukusanywa kwa jioni moja. Orodha hupita, simu hupokea michango, na kabla ya usiku jeneza, gari na chakula vimepatikana. Huo ni upendo wa kweli, na tusiuache. Tunaomba upendo huo ufike mapema zaidi. Kipimo cha MRI au angiografia ni gharama inayowashinda wengi, na mtu huambiwa arudi baada ya miezi mitatu kwa picha ya pili, asirudi kwa kukosa fedha. Tumeona hapo juu kwamba kwa mchaniko wa ateri picha ya pili ndiyo utabiri wenyewe. Idara ya diakonia ya usharika ikiwa na mfuko mdogo wa kumrudisha mtu hospitali tarehe aliyopangiwa, itakuwa imetenda zaidi ya shada la maua.

Yapo na mengine yasiyo na gharama kubwa. Kila usharika wa mjini una wauguzi na matabibu miongoni mwa washarika wake. Meza moja, kiti kimoja na mashine ya kupimia presha baada ya ibada ya kwanza vinaweza kuwapata wale wanne kati ya watano wasiojua hali yao. Vijana wetu waambiwe habari ya sigara bila kufichwa. Anayenyolewa akatae kuzungushwa shingo kwa nguvu hadi ilie. Na hata katika maombezi, mikono iwekwe juu ya kichwa kwa upole. Roho Mtakatifu hahitaji shingo ya mtu isukwesukwe.

Zaidi ya yote tuzitambue dalili. Si kila maumivu ya kichwa ni mfuro, na hatuandiki haya ili watu waishi kwa hofu. Lakini maumivu yanayokuja ghafla kwa ukali ambao mtu hajawahi kuujua, mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, maneno kuvurugika, kope moja kulegea pamoja na maumivu ya shingo: hayo si ya kusubiri Jumapili, wala si ya kupeleka kwanza kwa mtu wa kuagua. Ni ya hospitali, saa ile ile. Mchungaji apigiwe simu njiani, naye aombe huku gari likienda.

Wale 36 wa Ijumaa Kuu hawakuwa wakosaji kuliko sisi. Wala hawakuwa hivyo ndugu zetu walioanguka ghafla madukani, maofisini na vitini kanisani. Walio hai ndio walioambiwa wabadilike. Tuwaombee madaktari wanaozunguka ukuta usiku, tuwarudishe wagonjwa wetu kwa tarehe walizopewa, na tumshukuru Mungu kwa kila utabiri ambao, kwa rehema yake na kwa mikono ya watu, haukutimia.